UZI: Biashara zetu Pwani hupitishwa kwa tangazo, sio kwa hotuba (muguka, punda, korosho)

Mwenye_Punda · Langoni, Lamu

Assalaam alaykum, na wengine wote hamjambo. Uzi huu ni mrefu, asiye na wakati apite zake.

Kila nikikaa barazani nasikia neno lilelile: wabunge wetu wamelala, serikali inajiamulia biashara itakavyo. Kulala wamelala, hapo sibishani na mtu. Ila na sisi tunawavizia mlango sio. Siku ya bajeti tunajazana mbele ya runinga tumwone waziri na mkoba wake, tunapiga kelele mpaka sauti inakauka. Kisha jambo lenyewe linalotuingia mfukoni linapita kando, kwa karatasi ya kurasa mbili tatu ndani ya Gazeti Rasmi la Serikali. Na Gazeti Rasmi, kwa wasiojua, hutoka Ijumaa. Sisi tuko msikitini.

Mambo yenyewe huenda hivi. Bunge hutunga sheria kubwa, mathalani ya mimea, ya nyama, ya samaki. Ndani ya sheria hiyo waziri huachiwa ruhusa ya kuandika kanuni: nani apewe leseni, kitu gani kitoke nchini, ada ni kiasi gani, adhabu ni ipi. Sheria kubwa unaweza kuisoma ukaona haina ubaya. Mwiba umo kwenye kanuni.

Chukueni punda. Nasema punda kwa sababu ndio kazi yangu. Nina jike mmoja mwenye kovu la tandiko begani, anabeba mchanga kwa shogi kutoka gatini hadi vichochoro vya nyuma ya Mkomani ambako hata mkokoteni hauingii. Huko bara kuanzia 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda, yakafika manne yenye leseni. Nyama haikuwa ndio hoja. Hoja ilikuwa ngozi, ipelekwe China ikapikwe dawa waiitayo ejiao. Bei ya punda ikaruka, na palipo bei pana wezi. Watu bara wakawa wanaamka wanakuta mifupa na vichwa porini, ngozi imeshaondoka. Februari 2020 waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, akatangaza uchinjaji umekwisha, na likatoka tangazo la kisheria la kumfuta punda kwenye orodha ya wanyama wa machinjio. Tukashukuru. Mei 2021 Mahakama Kuu ikalitengua tangazo lile. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda bara zima kwa miaka 15.

Sasa nambieni, katika mzunguko wote huo, ni nani hapa Lamu aliyeulizwa? Mji huu una hospitali ya punda tangu 1987. Kuna watu hapa hawana gari wala hawatakuwa nalo, punda ndio lori lao. Na Bunge liko, kamati zipo, wabunge wawili tunao, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, na mwakilishi wa kike, na seneta. Ninachotaka tujadili ni hiki: Bunge linaichunguza serikali kwenye mambo ya biashara, au linaipigia muhuri? Na kama linaweza kuchunguza, sisi tunaingilia wapi?

---

KijanaWaGongoni · Magarini

Mzee wangu, heshima zako. Lakini unatafuta tone la maji kwenye jiwe. Mwaka 2024 wakulima waliuziwa mbolea ya uongo, mchanga umetiwa kwenye magunia. Bunge likaunda kamati maalumu ya kumchunguza waziri wa kilimo, Mithika Linturi. Mashahidi wakaja, wakulima wakaongea, mawakili wakavua miwani na kuivaa. Mwisho kura 7 kwa 4, waziri hana hatia. Hiyo ilikuwa Mei. Juni vijana wakaingia barabarani kwa ajili ya Muswada wa Fedha, Julai karibu baraza zima la mawaziri likavunjwa, Linturi ndani yake. Haya niambie, nani alimchunguza nani?

Mimi nalala na harufu ya chumvi ya viwanda vya huku, sijawahi kuona kamati ikija kuuliza kibarua wa chumvi anapata ngapi.

---

BintiMalindi · Malindi

Ami Mwenye Punda, shikamoo. Kaka wa Gongoni, hasira zako ni za haki, lakini usichanganye vitu viwili. Kumng'oa waziri ni siasa, na siasa huhesabiwa kura. Kuzuia kanuni ni jambo jingine kabisa, na hapo sheria ina meno kuliko watu wanavyodhani. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa mjini, karatasi hizi nazishika kila siku.

Ipo Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013. Inasema hivi: kabla waziri hajaandika kanuni, awaulize watakaoguswa. Ikiwa kanuni zitawatia watu gharama kubwa, aandae taarifa inayoeleza gharama na faida zake. Zikishachapishwa, lazima zifikishwe mezani pa Bunge ndani ya siku 7 za vikao. Zisipofikishwa, zinakufa zenyewe, hakuna haja ya mtu kwenda mahakamani kuziua. Zikifika, zinakwenda kwenye kamati inayochunguza kanuni za mawaziri, na kamati hiyo inaweza kupendekeza zifutwe, zote au kifungu kimoja. Na hata zikipita, kanuni huisha muda wake baada ya miaka 10.

Sasa sikilizeni kifungu cha hatari. Kamati imepewa siku 28 kutoa ripoti. Zikipita siku hizo bila ripoti, kanuni zinahesabiwa zimetimiza masharti yote. Yaani ni kama mwari anayeposwa: akinyamaza, wazee wanasoma fatiha.

Ndipo nije kwenye muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, maana hii ilitupata sisi Kilifi uso kwa uso. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, wa kwetu Mung'aro akafuata, Taita Taveta vilevile. Huku Malindi akina mama walishangilia, nami nilishangilia, nina ndugu yangu ambaye muguka umemkausha mashavu. Haikupita wiki. Ikulu ikasema amri za magavana hazina nguvu kwa sababu zinagongana na Sheria ya Mimea ya 2013 na Kanuni za Miraa za 2023, na mahakama ya Embu ikasimamisha za Mombasa na Kilifi. Kila mtu Pwani akapiga kelele kwamba Nairobi inatuletea sumu.

Lakini tazameni mwaka: 2023. Zile kanuni zilikuwa na safari yake. Ziliandikwa, zikajadiliwa, zikapita. Watu wa Embu na Meru waliokuwa wanataka zao lao litambuliwe walikuwa macho tangu mwanzo, kwa sababu ni riziki yao. Sisi tunaosema tunakufa kwa muguka tuliamka Mei 2024, mlango ukiwa umeshafungwa na komeo kutiwa. Gavana hawezi kufuta kwa amri jambo lililopita mezani pa Bunge. Pa kupigania palikuwa kule, kwenye zile wiki chache.

---

Mwenye_Kibanda · Malindi, karibu na stendi

Dada yangu, na sisi tunaouza je? Mnaongea kana kwamba sisi sio watu wa Pwani. Mimi ni Mgiriama wa hapahapa, muguka unanilipia karo ya watoto. Siku ile ya marufuku askari wa kaunti walinibebea mzigo wa asubuhi nzima, na ukienda kuuliza unaambiwa amri imetoka juu. Hakuna aliyenishirikisha, si Nairobi wala Kilifi. Hiyo amri ya gavana ilipita kwa kamati gani? Bunge la kaunti lilikaa lini kuijadili?

---

Mwenye_Punda

Ndugu Mwenye Kibanda, swali lako ni zuri kuliko langu. Mimi muguka siutaki, na ningekuwa gavana ningeufukuza. Ila haki yako ni haki yako. Amri ya mtu mmoja ni amri ya mtu mmoja, hata kama naipenda. Wakulima wa Embu waliokwenda mahakamani walipata amri ya kusimamisha marufuku kwa sababu upande wao ulikuwa na karatasi, wetu ulikuwa na mkutano wa waandishi wa habari.

Nyinyi wengine msimrushie maneno huyu, nimeona jumbe mbili zimefutwa na msimamizi. Uzi huu ni wa watu wazima.

---

Mshela_Ughaibuni · mwenyeji wa Shela, yuko Uingereza

Nimefika, samahani nilikuwa kazini zamu ya usiku. Nataka niwape habari za huku, si kwa kuwasifu, maana wana madudu yao.

Bunge la hapa lina kamati inayosimamia wizara ya biashara. Mwenyekiti wake tangu 2023 ni Liam Byrne. Mwenyekiti wa kamati huku huchaguliwa na wabunge wote kwa kura ya siri, utaratibu ulioanza 2010. Shikeni hilo, maana ndio tofauti ninayoiona kubwa. Kwetu Kenya chama kikikukasirikia kinakutoa kwenye kamati. Mwaka 2020 Jubilee ilimwondoa Kimani Ichung'wah kwenye uenyekiti wa Kamati ya Bajeti kwa ugomvi wa ndani ya chama, si kwa sababu hesabu zake zilikuwa mbovu. Mtu mwenye kiti cha kuazimwa atamuuliza waziri swali gani la kumtoa jasho?

Januari 2025 kamati hii ilimwita wakili wa Shein, ile kampuni ya nguo za bei poa za mtandaoni. Wakamuuliza swali dogo: nguo zenu zina pamba ya China ndani? Walikuwa wanaitafuta pamba ya Xinjiang, jimbo la huko China, kwa habari za watu kulazimishwa kuivuna. Mama yule hakujibu. Wakamuuliza tena kwa njia nyingine, hakujibu, akasema watajibu kwa maandishi. Mimi niliitazama kwenye simu nikiwa kwenye basi. Hakukuwa na kelele wala mtu kupiga meza. Mwenyekiti anarudia swali tu, anarudia, na kila akirudia ndivyo ukimya unavyozidi kusema.

Na kabla ya hapo, Januari 2024, bosi wa Fujitsu barani Ulaya alikaa kiti hichohicho kwa sababu ya kashfa ya posta. Programu ya hesabu iitwayo Horizon ilikuwa inaonyesha pesa zimepotea wakati hazijapotea, na kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 waliokuwa wanaendesha posta ndogondogo walihukumiwa kwa wizi ambao hawakuufanya. Akaomba radhi mbele ya kamati, akakiri kampuni ina wajibu wa kuchangia fidia. Lakini hesabuni wenyewe miaka iliyopita mpaka kufika hapo. Bunge lilikuwepo muda wote huo.

Jambo la mwisho, ambalo huenda likawashangaza. Kwenye mikataba ya biashara, kwa maandishi Bunge la Kenya lina nguvu kuliko la huku! Huku mkataba hulazwa mbele ya Bunge siku 21 za vikao chini ya sheria ya 2010. Wabunge wanaweza kuuchelewesha, kuubadilisha hawawezi. Kwetu, Sheria ya Mikataba ya 2012 inataka Bunge la Taifa liukubali kwanza, na linaweza kuweka pingamizi kwa vifungu. Mkataba wa Kenya na Uingereza ulitiwa saini hapa London Desemba 2020, ukaidhinishwa Nairobi Machi 2021. Ule wa Ulaya ulitiwa saini Desemba 2023, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Nguvu tunayo. Nani aliyesikia Bunge letu likitia pingamizi hata kwa nukta?

---

KijanaWaGongoni

Kaka wa Shela umemaliza kwa kunipa ushindi. Nguvu ipo kwenye karatasi, na karatasi iko kabatini.

---

Mwl_Mpeketoni · Lamu Magharibi

Nimecheka hapo pa pamba. Sisi huku Mpeketoni tunalima pamba, na hakuna mtu aliyewahi kukaa kiti cha kamati akatoka jasho kwa sababu ya pamba yetu. Mkulima anavuna, anajaza gunia, anasubiri mnunuzi, mnunuzi anakuja na bei yake mfukoni. Mwaka huu watu kadhaa wa kijiji changu wamepanda simsim.

Kwa heshima, Mshela, mikataba hiyo ya Ulaya na Uingereza ni ya maua, chai na mboga. Ukweli wake ni kwamba Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, Kenya ingetozwa ushuru sokoni kule, kwa sababu sisi hatumo kwenye kundi la nchi maskini zaidi kama jirani zetu. Kwa hivyo Bunge lilikuwa na haraka, na mwenye haraka hapewi nafasi ya kuuliza. Mie naona hapo ndipo serikali hupenda kuwabana wabunge: inawaletea jambo siku ya mwisho na kuwaambia mkikataa, maua yataoza uwanja wa ndege.

---

Mwana_wa_Mtwara · Mtwara, Tanzania

Wakuu wa Kenya, poleni na hongereni. Nimeingia kwa sababu ya neno korosho kwenye kichwa cha uzi, nasubiri mfike hamfiki.

Hapa kwetu tuliwahi kuona wabunge wakisimama kweli. Juni 2018, kwenye mjadala wa bajeti, serikali ilitaka pesa za ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje ziingie zote Mfuko Mkuu wa Hazina, wakati sheria ilikuwa imetenga asilimia 65 zirudi kuendeleza zao. Wabunge wa Lindi na Mtwara walikataa, na wamo waliokuwa wa chama tawala. Walisema mchana kweupe, na kumbukumbu za Bunge zipo. Kura zikapigwa, serikali ikapita.

Msimu uliofuata wanunuzi wakaja na bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza. Novemba waziri wa kilimo na wa viwanda na biashara wote wawili wakaondolewa, Rais Magufuli akasema serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaja kubeba. Wengine walikaa muda mrefu wanasubiri malipo.

Nasema hivi kwa kaka wa Gongoni: Bunge lilishindwa siku ile, ndiyo. Lakini hotuba zile ndizo tulizozishika baadaye kuonyesha kwamba tulisema mapema. Usidharau mtu kusema kikaandikwa.

---

Mwenye_Punda

Karibu sana ndugu wa Mtwara. Korosho ndiyo hiyo naileta.

Kwetu hadithi ni kinyume na yenu. Nyinyi ghafi inatoka kwa ushuru. Kenya 2009 waziri wa kilimo, William Ruto huyuhuyu wa leo, alipiga marufuku kusafirisha nje korosho ghafi pamoja na makadamia ghafi. Nia ilikuwa njema: zibanguliwe hapa, vijana wapate kazi. 2013 marufuku ikaingizwa kwenye sheria, ila ikaachwa tundu, waziri anaweza kutoa kibali cha maandishi. Mwishoni mwa 2023 tundu hilo likatumika kwa makadamia, ghafi ikaruhusiwa kwa muda.

Kwenye karatasi marufuku ni kitu kizuri. Sasa ubanguaji uko wapi? Kiwanda cha Kilifi kilianzishwa miaka ya 1970, kikabinafsishwa miaka ya 1990, kikafa. Wapo wabanguaji wadogo, lakini wanunuzi wakiwa wachache mkulima wa Witu au Hongwe hana pa kukimbilia. Umemfungia mlango wa nje, na wa ndani una mtu mmoja tu aliyesimama na mizani yake. Mikorosho mingine huku imezeeka, mtu anaikata anapata mkaa, na mkaa hauna msimu.

Hapo ndipo kazi ya kamati. Sio kuuliza marufuku ni nzuri au mbaya, hilo kila mtu ana lake. Kuuliza: tangu 2009 mmetazama lini kama imefanya mliyosema itafanya? Nani kapewa kibali, kwa hesabu gani? Ibara ya 125 ya Katiba inaipa kamati nguvu za Mahakama Kuu, kumwita mtu yeyote, kumwapisha, kumtaka alete hati. Waziri, mkurugenzi, mwenye kampuni, yeyote yule.

---

Bibi_wa_Pate · Pate

Wanangu, mjukuu wangu ndiye aniandikiaye. Mimi sheria sizijui. Ninajua nti yetu. Bandari ilipokuja Kililana walichimba, mai yakatibuka, samaki wakenda zao, zombo zetu ndogo haziwezi kufika mbali. Watu walishitaki. 2018 mahakama ikasema wavuvi elfu nne na mia sita walipwe shilingi bilioni moya na zaidi. Malipo yakavutwa na kuvutwa. Sasa mnatwambia tuende Bunge. Kwani mahakamani tulifuata nini? Ndia ipi ndiyo ndia?

---

BintiMalindi

Bibi, nashika miguu. Hukumu hiyo ni shilingi bilioni 1.76, tuliisoma sana ofisini kwetu. Mahakama ilikubali kwamba mradi ulianza bila watu kushirikishwa ipasavyo. Lakini angalia bibi: mradi ulizinduliwa Machi 2012, marais wakaja, hukumu ni 2018, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mahakama inakuja baada ya mwamba kuvunjwa, haiwezi kuurudisha. Inakadiria hasara tu. Bunge ndilo linaloweza kuuliza kabla, na pesa zinapotoka. Njia zote mbili ni njia, moja ya mapema na moja ya kuchelewa.

Kuhusu tunaingilia wapi, swali la ami la mwanzo, na sioni mtu amelijibu. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Si lazima upitie kwa mbunge, ingawa unaweza. Linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono pia hukubaliwa, lisiwe na mifuto. Linapelekwa kwa Karani wa Bunge. Ndani yake useme mmeshajaribu kumwona nani na amejibu nini, na kama jambo liko mahakamani useme hivyo. Mwisho uandike waziwazi mnachotaka Bunge lifanye, si "mtusaidie" tu. Kisha majina, anwani, namba za kitambulisho, saini au dole gumba.

Maombi mengi niliyoyaona yanakwama kwa sababu ya ile sehemu ya mwisho. Watu wanaandika kurasa nne za uchungu, ukifika chini hakuna wanachoomba. Kamati italifanyia nini?

Na jingine, jueni mlango upi. Leseni za biashara, masoko, ushuru wa mazao barabarani, hayo ni ya kaunti, pelekeni bunge la kaunti. Lori la maembe likitoka Lamu kwenda Mombasa linasimamishwa kaunti kwa kaunti kulipishwa, na Ibara ya 209 inakataza kaunti kutoza kwa namna inayodhuru biashara kati ya kaunti na kaunti. Hiyo peke yake ni ombi zima. Bidhaa zinazoingia na kutoka nchini, mikataba na viwango, hayo ni Nairobi.

---

Mwl_Mpeketoni

Hiyo ya maembe nimeinakili. Dereva wangu ana bahasha nzima ya risiti.

---

BintiMalindi

Mwalimu, usizitupe! Risiti za tarehe moja, lori moja, mzigo mmoja, kaunti tofauti. Zipange kwa safari, uzibandike kwenye karatasi. Hakuna hotuba inayoshinda karatasi hiyo.

---

KijanaWaGongoni

Haya nakubali nusu. Lakini nani atalala macho kusoma Gazeti Rasmi kila Ijumaa? Mimi niko shambani, ami yuko na punda, bibi yuko Pate.

---

Mwenye_Punda

Linapatikana bure mtandaoni, na kanuni huwa kwenye nyongeza zake, si kwenye yale matangazo ya mirathi na vyeo vilivyojaa mbele. Kila mtu achukue neno lake. Mimi nitachukua punda na nyama. Mwalimu achukue pamba na simsim. Vijana wa Kizingitini wachukue samaki na kamba mawe. Ukiona neno lako, unalitupa hapa siku hiyohiyo, Binti anatuambia siku ngapi zimebaki. Nilishawaambia akina mama wa ushirika wa makuti, wao wamechukua mnazi bila kuulizwa.

Na ombi la kwanza nimeshaanza kuliandika, la punda. Tunachoomba ni kimoja: kamati ya kilimo ya Bunge la Taifa imwite waziri aeleze uamuzi wa Umoja wa Afrika wa 2024 utatiwa kwenye kanuni gani za Kenya, lini, na wenye punda wa Lamu waulizwe kabla hazijachapishwa. Basi. Ukurasa mmoja na nusu. Anayetaka kusaini aje barazani kwangu baada ya Isha, au ofisi ya gatini mchana, aje na kitambulisho.

---

Mshela_Ughaibuni

Mimi nikiwa huku naweza kusaini?

---

BintiMalindi

Ombi ni haki ya kila mtu, kaka. Andika anwani yako ya huko na namba ya kitambulisho cha Kenya, uiskani, uitume kwa ami.

---

Mwenye_Kibanda

Dada, swali la mwisho. Na sisi wa muguka tunaweza kuandika letu? Tuseme kaunti isitubebee mzigo bila sheria iliyopita bunge la kaunti?

---

BintiMalindi

Mnaweza. Mnalipeleka kwa karani wa bunge la kaunti ya Kilifi. Mimi nitaandika la kulipinga, ila lako nikuandalie kwanza. Njoo Jumatatu saa nne, kabla wakili hajatoka mahakamani.